Barua Niliyomwandikia Esperance

Jumatatu, 1 Septemba

Presha ya Mama asubuhi 158 kwa 94. Jioni 150 kwa 90. Dawa zote amekunywa. Uji kikombe kizima. Ametembea kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi, mara mbili, Esperance amemshika kiunoni.

Daktari alisema niandike nambari tu. Lakini nikishika kalamu yanatoka na mengine. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mtu wa stoo kiwandani. Naandika magunia yaliyoingia na yaliyotoka. Sijawahi kuandika habari za nyumba yangu.

Mama ana miaka sabini na minane. Kiharusi kilimshika mwezi wa pili, upande wa kulia, mkono, mguu na mdomo. Mke wangu alifariki, sasa ni mwaka wa sita. Watoto wana maisha yao huko waliko. Dada yangu Jerida ameolewa Subukia. Hapa nyumbani ni mimi, Mama, na Esperance, huyu msichana wa Bukavu.

Alhamisi, 4 Septemba

154 kwa 92. Ameoga, amekula, amelala mchana.

Esperance anasomea fizio, tiba ya kunyoosha viungo. Alikuja mwezi wa nne kutafuta chumba, nikampangisha kile cha nyuma. Halafu vita vikafika kwao. Duka la baba yake likafungwa, pesa za kutoka nyumbani zikakatika. Alikuja kuniambia atahama kwa sababu hana kodi. Wakati huo Mama alikuwa anaogeshwa na jirani, Mama Shiru, akipata nafasi. Asipopata, Mama anakaa hivyo hivyo. Kwetu mwanamume hamwogeshi mama yake. Hata kuingia akiwa hajavaa ni aibu kubwa. Nilikuwa nasimama nje ya mlango kama askari, namsikia akilia, na siwezi kuingia.

Nikamwambia Esperance abaki. Amtunze Mama asubuhi, mchana aende chuoni. Chumba ni chake, na mwisho wa mwezi nitampa mshahara. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, Papa." Huniita Papa. Mwanzo sikupenda. Sasa nikikaa siku bila kuitwa naona kama nimesahaulika.

Jumanne, 9 Septemba

Mama amesema neno!

Si kile kilio chake cha siku zote. Neno. Esperance huhesabu hatua kwa sauti wakitembea, kwa Kiswahili cha kwao. Moya, mbili, tatu. Leo Mama amesimama katikati ya uwanja, akakunja uso, akasema, "Moja."

Esperance akadhani hakusikia vizuri. "Moya?"

"Moja!" Mama amefoka kabisa. Alikuwa mwalimu wa Sunday school miaka thelathini, hawezi kuvumilia makosa.

Nilikuwa natoka kwenda kazini. Nilirudi ndani nikajifanya natafuta funguo. Nililia kidogo.

Jumapili, 14 Septemba

Jerida alikuja na maziwa lita tano. Alikaa akimtazama Esperance anavyomnyoosha Mama vidole. Kisha akanifuata jikoni.

Alisema naleta mgeni kumwosha mama yetu na wasichana wetu wako nyumbani bila kazi. Kuna mtoto wa shemeji yake angeweza kuja. Nikamuuliza kama huyo mtoto amesomea kunyoosha mtu wa kiharusi. Akasema kuosha mzee hakuhitaji kusoma. Kisha akaniuliza kama Esperance ana kibali cha kazi. Nikasema hii si kazi, huyu ni mtu wa nyumba.

"Unamlipa?"

"Nampa kitu."

"Basi ni kazi."

Aliondoka kabla ya chai. Sebule yote imebaki na hasira yake. Nina hasira pia. Miezi saba Mama ni mgonjwa, yeye amekuja mara nne. Nimehesabu.

Jumatatu, 22 Septemba

150 kwa 88. Nambari nzuri kuliko zote tangu mwezi wa pili.

Lakini Esperance hali. Siku ya tatu. Anaweka chakula kwenye sahani, anakizungusha, anakirudisha. Leo nimemuuliza nikapata jibu. Chuo hakitamruhusu kufanya mtihani mpaka aonyeshe karo itatoka wapi. Na kibali chake cha mwanafunzi kinaisha. Ili chuo kimsaidie kukiongeza, lazima kwenye faili kuwe na karatasi ya mtu anayemlipia. Zamani karatasi hiyo ilikuwa ya baba yake.

Amebakiza mihula miwili. Miwili tu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeandika barua.

Nimeiandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu wa stoo, ule ambao hata meneja huusifu. Nilichana mara mbili, ya tatu ikawa safi. Nimeeleza kwamba Esperance anafanya kazi kwangu ya kumtunza mama yangu tangu mwezi wa tano. Kwamba ni mwaminifu na mwenye bidii. Kwamba kila mwisho wa mwezi nitakata sehemu ya mshahara wake na kuipeleka chuoni mwenyewe, mpaka karo iishe. Nikaweka sahihi, nambari ya kitambulisho na simu.

Alisoma. Akasoma tena.

"Papa, ni lazima tuandike mambo ya mshahara?"

Nikamwambia mimi siandiki uongo. Nikamwambia chuo kikijua anajitegemea kitamheshimu. Alikunja barua polepole akaiweka ndani ya Biblia isijikunje pembe.

Nimefurahi sana jioni hii. Kwa muda mrefu sijafanya jambo nikaona limekamilika.

Ijumaa, 3 Oktoba

Chuo kimekubali! Mhasibu ameichukua barua, ameigonga muhuri, ameiweka kwenye faili. Atafanya mtihani. Makaratasi ya kuongeza kibali nayo yametumwa.

Esperance amepika wali na maharagwe ya mawese ya kwao. Mama amekula kwa mkono wa kushoto, mwenyewe, akimwaga nusu. Hakuna aliyemkemea. Presha sikupima. Samahani, daktari.

Jumatatu, 13 Oktoba

148 kwa 88. Leo amefika getini. Hatua arobaini na tatu, kwa hesabu ya Esperance. Fimbo mkono wa kushoto, na Esperance nyuma yake, mikono hewani, hamgusi.

Mama Shiru alipiga vigelegele hadi watu wa ploti ya pili wakatoka kuangalia.

Jumanne, 28 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mama Shiru alinipigia simu saa nne asubuhi. Nilikuwa napokea lori la mahindi. Alisema, "Kuja nyumbani, Baba Brian. Kuna watu wamemchukua msichana."

Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, watu wa uhamiaji. Hawakupiga kelele. Walibisha mlango kama wageni. Walimkuta Esperance amekunja mikono ya nguo, anamwosha Mama. Wakamuuliza anafanya nini. Akasema namwosha Guku. Hilo ndilo jina tunalowaitia nyanya zetu, na Esperance alilishika kwa watoto wa ploti. Yule mwanamke akaandika.

Walimpa nafasi ya kumpangusa Mama na kumfunika shuka. Hakumaliza kumvisha. Mama Shiru alimaliza.

Nilipofika Mama alikuwa kwenye kiti, sabuni imemkaukia nyuma ya shingo. Ananiangalia mimi, kisha mlango. Mimi, kisha mlango.

Jumatano, 29 Oktoba

Nilikwenda kituo cha polisi na sweta na mkate. Waliniruhusu dakika tano. Esperance aliuliza kwanza kama Mama amekunywa dawa ya asubuhi. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimesahau.

Ofisa mmoja, kijana wa umri wa mwanangu, alinieleza bila ukali. Kibali cha mwanafunzi ni cha kusoma. Hairuhusiwi kazi yoyote, ya malipo au isiyo ya malipo. Nikauliza, hata kumshika mkono mgonjwa? Akasema, "Mzee, mimi sikutunga sheria." Nikamuuliza nani aliwaambia. Akasema habari iko kwenye faili.

Nikajua ni nani. Nilisimama kando ya ukuta wa kituo nikampigia Jerida. Nilimwambia ameuza mtoto wa watu. Nilimwambia ni wivu, kwa sababu Mama anampenda mgeni kuliko yeye. Nilimwambia asikanyage kwangu tena.

Alisema neno moja tu. "Mimi?"

Nikakata simu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mahakamani. Waliitwa watu kumi na wawili kabla yake. Wa kuuza pombe, wa kupigana, mmoja wa kuiba betri ya lori. Esperance alisimama na sweta langu, mikono mirefu imemfunika vidole. Alikubali kosa.

Kisha mwendesha mashtaka akasema kuna ushahidi wa maandishi uliofika kwao pamoja na ombi la kuongeza kibali. Akainua karatasi.

Niliutambua mwandiko wangu nikiwa benchi la nne.

Aliisoma yote, sauti ya juu. Mwaminifu. Mwenye bidii. Anafanya kazi kwangu tangu mwezi wa tano. Mshahara. Sahihi. Nambari ya kitambulisho. Chuo kiliiambatanisha na makaratasi mengine, ionekane ana mtu wa kumlipia karo. Hakuna aliyemripoti. Hakuna mtu aliyekwenda kusema kitu mahali popote. Ni mimi.

Hakimu alimpiga faini na kumpa siku saba awe ameondoka nchini. Akaniangalia mimi pia. Akasema sheria ina kifungu cha mwajiri na nishukuru leo sikushtakiwa. Nikasema asante. Nilisema asante, mimi!

Faini nimelipa kwa pesa za chama chetu cha akiba.

Ijumaa, 31 Oktoba

Esperance bado hajaachiliwa. Wanasema muhuri. Wanasema Jumamosi.

Mama Shiru amesafiri Molo, kuna mazishi kwao. Mama amekaa siku mbili bila kuoga na usiku alijichafua. Asubuhi alikuwa analia bila sauti, uso ameugeuzia ukutani.

Nilisimama nje ya mlango. Nikaingia.

Nilichukua beseni na maji ya uvuguvugu na kitambaa. Niliangalia dirishani muda wote nilioweza. Pale nisipoweza kuangalia dirishani, niliangalia. Ni mwili wa mzee. Umechoka. Una kovu la moto pajani ambalo sikujua analo, na sasa sitamuuliza kamwe alilipata wapi. Mama alifumba macho kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano. Hakufumbua mpaka nilipomfunga leso.

Sikupima presha. Sikwenda kazini. Nilikaa kwenye ngazi nikajiona mtu asiye na haya, na mtu aliyechelewa. Vyote viwili.

Jumamosi, 1 Novemba

Amerudi. Amekonda kwa siku nne. Kabla ya kuweka mfuko chini alikwenda kwa Mama. Mama alimshika sikio, sijui kwa nini sikio, akakataa kuliachilia.

Nilimwita nje jioni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Alhamisi. Nikasema, "Ni barua yangu."

"Najua, Papa. Walinionyesha siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia pale kituoni?"

"Ulikuja na mkate." Akatazama chini. "Nilihofu utaacha kuja."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata mahali pa kuweka haya yote. Alisema tu kwamba hakuna mtu aliyewahi kuandika mazuri kama yale juu yake, na kwamba korti nzima ilisikia. Hakuwa ananidhihaki. Nilimwangalia usoni kuhakikisha.

Kisha akaanza kulia. Si kwa ajili yangu. Alisema, "Mihula miwili, Papa." Alirudia mpaka sauti ikaisha.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilikwenda chuoni kuuliza kama atapewa karatasi ya masomo aliyomaliza, akaendelee kwingine. Karani alisema karatasi haitoki mpaka karo iliyobaki ilipwe. Nikamuuliza kama anamkumbuka Esperance. Akasema, "Yule wa barua?"

Esperance anatumia siku hizi kunifundisha. Namna ya kumwinua Mama bila kumvuta bega. Namna ya kumgeuza ili asipate vidonda. Vidole dakika kumi asubuhi, kumi jioni, kuanzia kidole gumba. Nimeandika yote nyuma ya kitabu hiki. Mikono yangu ni minene na ya haraka. Ananipiga kofi dogo nikikosea.

Jumatano, 5 Novemba

Ameondoka. Basi la saa moja asubuhi kwenda Kampala, kwa dada yake mkubwa. Dada ana chumba kimoja na watoto wanne. Bukavu hawezi kwenda.

Mama tulimuaga nyumbani. Esperance alimpaka mafuta miguuni, akamvisha soksi, akambusu kwenye paji la uso. Mama alidhani ni siku ya kawaida ya chuo. Akampungia mkono wa kushoto ili asichelewe.

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi. Nilimnunulia maji na ndizi. Nilitaka kumwambia anisamehe nikasema, "Ukifika piga simu." Aliinamisha kichwa kama wanavyofanya kwao mbele ya mtu mkubwa. Basi lilipotoka alikuwa upande wa pili, sikumwona tena.

Nilikwenda kazini. Nikahesabu magunia. Nikakosea mara tatu.

Jumapili, 9 Novemba

Subukia. Nilimwacha Mama na Mama Shiru.

Jerida alikuwa anakamua. Aliniona, akaendelea kukamua. Alikamua ng'ombe wa kwanza, akahamia wa pili. Mimi nimesimama kwenye matope na viatu vya kanisani. Nilimwambia yote, nikianza na barua. Nilimwambia nilikosea na nilimkosea.

Alipomaliza alisimama akajifuta mikono.

"Ulinifikiria vile, ndugu yangu. Hukuuliza. Ulifikiria tu, ikatosha."

Alinipa maziwa kwenye kikombe, akanitazama nikinywa, kisha akasema atakuja siku za Jumamosi. Si kwa ajili yangu, alisema. Hilo alilisema mara mbili.

Jumanne, 18 Novemba

164 kwa 98. Hatua sita tu, kisha anakaa chini. Anataka Esperance amshike. Nikimshika mimi anakaza mwili wote.

Vidole vya mkono wa kulia vimeanza kujikunja tena. Nafanya dakika kumi zangu. Najua sifanyi kama yeye. Maneno yamepungua. Jana hakusema kitu toka asubuhi mpaka jioni.

Esperance alipiga simu kutoka Kampala. Anafua nguo za watu. Huko pia ni mgeni, lakini anasema hakuna aliyeuliza bado. Aliuliza vidole. Nikamwambia viko sawa.

Jumamosi, 22 Novemba

Jerida alikuja alivyosema. Alimwogesha Mama, akamsuka nywele mistari miwili. Anaposhindwa kumwinua ananiita, na tunamwinua pamoja, kila mtu upande wake. Hatujaongea mambo yetu. Tumeongea nepi na bei ya viazi.

Alipokuwa anaondoka aliangalia chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Akaufunga taratibu.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Hatukwenda kanisani. 156 kwa 92.

Nilimwogesha Mama mwenyewe. Siku hizi hafumbi macho. Nilimvisha gauni la buluu nikamweka karibu na dirisha apate mwanga. Nilikuwa namnyoosha vidole. Gumba, cha pili, cha tatu. Mvua ilikuwa inagonga mabati.

Akaongea. Polepole, kila neno kwa shida, lakini nilisikia yote.

"Yule mtoto yuko wapi?"

Nikaendelea na vidole. Cha nne. Cha mwisho.

"Yuko shule, Mama."

Alifikiri. Akatikisa kichwa kukubali, na uso wake ukatulia vile ambavyo sijauona ukitulia mwezi mzima.

"Asome," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Nikaanza tena kidole gumba.